STAA KAPUNGUA KILO 17, WATU WAMESHAMCHIMBIA KABURI!

Mjini hapa mtu akinenepa anapigiwa makofi, akipungua anaandaliwa msiba. Ndiyo hesabu ya mitandaoni ilivyo. Mashavu yakijaa, "mashallah, pesa imekubali." Shingo ikionekana, "jamani, vipimo vimesemaje?"

Wiki hii zamu imemwangukia mwigizaji mmoja wa kike wa Bongo Movie. Katupia picha kavaa raba, chupa ya maji mkononi, jasho usoni, na mwili umepungua kweli. Haikuchukua hata saa moja. "Kaisha huyu dada." "Mapenzi yanaua jamani." "Zamani alikuwa mzuri, sasa kawa kama kuku wa kideri." Mwingine akamaliza kazi kwa neno moja tu, "Ngoma." Baada ya hapo ikawa ni mishumaa na mikono ya maombi kama yuko ICU.

Watu wa karibu yake wanaijua habari nyingine kabisa. Dada huyo alikuwa hawezi kukaa kwenye kiti dakika ishirini. Maumivu yalikuwa yanaanzia kiunoni, yanashuka kwenye kalio la kulia, yanapita nyuma ya paja mpaka kwenye vidole vya mguu, kama mtu kashikishwa waya wa umeme. Lokesheni alikuwa anaigiza amesimama, halafu mashabiki wanasema ana maringo, hakai na wenzake. Usiku halali. Akipiga chafya anashika ukuta. Hospitali wakampa jina la kitu hicho, sayatika.

Alikuwa na kilo 98, urefu sentimita 163. Baada ya miezi 11 ana kilo 81. Na hapa ndipo wanaowasha mishumaa wangepaswa kuona aibu, maana kwa kipimo wanachotumia madaktari, uzito kwa urefu, dada huyo bado yuko juu ya 30, yaani bado anahesabika mnene kupita kiasi. Mtu ambaye daktari bado anamwambia aendelee kupungua, mtandao umeshamzika.

HUU MDOMO UMETOKA WAPI?

Umerithiwa. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi Tanzania walitambulika mkoani Kagera mwaka 1983, na miaka ile watu waliuona ugonjwa kwa macho, mtu akikonda kila siku mpaka anakwisha. Kukonda kukawa ndio tangazo la kifo. Wazee waliokuwepo wana haki ya kushtuka, walizika ndugu zao. Lakini vijana wengi wanaoandika "ngoma" kwenye picha ya mtu wamezaliwa baada ya hapo, na wanaishi zama ambazo dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure, mwenye VVU anayezimeza vizuri anaweza kuwa na mwili kuliko wao. Kwa hiyo hata kama tusi hilo lingekuwa na ukweli, lisingeonekana kwenye mashavu. Limebaki kuwa ni tusi tu, na linawaumiza wawili kwa mpigo, mwenye virusi na anayetafuta afya yake.

Na lina gharama. Wako wanawake wangapi mitaani wanaogopa kupungua kwa sababu ya mdomo wa majirani? Mke akipungua, mawifi wanauliza mume anamtesa nini. Mfanyabiashara akipungua, wateja wanasema biashara imekufa. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au ni wanene kupita kiasi. Hao wote wakisikia mgongo unawaka na daktari akawaambia "punguza uzito", wanarudi kwenye mtaa ambao utawazomea wakitii.

MSHIPA WENYEWE UKOJE?

Watu wanaita "nyonga", "mshipa umebanwa", "baridi", wengine wanasema katupiwa kitu. Ukweli ni huu. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, unapita kwenye kalio, unateremka nyuma ya paja hadi mguuni. Ndio mshipa wa fahamu mnene kuliko yote mwilini, kwenye kalio unakaribia unene wa kidole. Katikati ya pingili za mgongo kuna diski, vijimto vyenye ganda gumu nje na ute mzito ndani. Ganda likipasuka au likivimba upande mmoja, ute unasukuma nje na kuikandamiza mizizi ya mshipa ule. Hapo ndipo mtu anaumia mguuni wakati tatizo liko mgongoni. Anachua paja kwa mafuta miezi mitatu, anayelalamika yuko kiunoni.

Kwa wengine si diski, ni njia ya mishipa kuwa nyembamba kwa umri, au pingili moja kuteleza mbele ya nyingine. Ndiyo maana mtu anatakiwa kupimwa, sio kupewa ushauri wa kwenye komenti.

Uzito unaingiaje? Tumbo likiwa kubwa linavuta kiuno mbele, mgongo wa chini unajikunja zaidi, na diski za chini kabisa, ambazo ndizo zinabeba mzigo wote wa juu, zinabanwa kutwa nzima. Tafiti nyingi zimeonyesha wenye unene kupita kiasi wanapata sayatika zaidi kuliko wembamba. Ongeza kukaa. Saa mbili za foleni asubuhi, saa nane kwenye kiti cha ofisi, saa mbili nyingine kurudi, halafu kochi na simu mpaka saa sita usiku. Ongeza sigara na shisha, maana nikotini inapunguza damu inayolisha diski, na diski zenyewe damu zinapata kwa shida. Hapo mgongo unasubiri tu siku ya kuinua ndoo.

"MBONA WEMBAMBA NAO WANAUMWA?"

Hoja hii huletwa kila mara, na ni ya kweli. Dereva wa bodaboda mwenye kilo 58 anaweza kulala chini kwa sayatika kwa sababu ya mitikisiko na kukaa kutwa. Kuli wa sokoni anabeba gunia kwa mgongo uliopinda. Mjamzito naye. Kwa hiyo anayemwambia kila mwenye kitambi "umejitakia" ni mjinga sawasawa na anayewasha mishumaa. Unene si dhambi, na maumivu si adhabu.

Ila hoja hiyo haifuti nyingine. Mvua ikinyesha hata nyumba yenye bati zima inaweza kuvuja, lakini hakuna anayesema basi haina haja ya kuziba matundu. Kupunguza uzito hakumrudishii mtu diski mpya. Kunapunguza mzigo juu ya ile iliyochoka, kunamrahisishia kutembea, na kutembea ndiko kunakoujenga msuli unaoushika mgongo. Mwigizaji huyo hajapona kimiujiza. Akikaa sana bado mguu unamkumbusha. Lakini analala usiku kucha, anaendesha gari mwenyewe, na hajameza kidonge cha maumivu kwa wiki kadhaa. Kwa mtu aliyekuwa anatambaa kwenda chooni, hiyo ni zaidi ya tuzo.

SASA WAJE WAUZAJI

Hapa ndipo hasira zinapotakiwa kwenda. Wakati dada wa watu anatukanwa, kuna mwanadada mwingine wa mitandaoni, mwenye wafuasi kibao, anauza "chai ya kukata tumbo na kutibu nyonga" kwa Sh 120,000 dozi moja, pamoja na mkanda wa kubana kiuno. Video yake inaanza na mwanamke anachechemea, inaisha na mwanamke anacheza singeli. Simu zinamiminika.

Chai nyingi za namna hii kazi yake ni kuharisha. Mtu anapoteza maji, mzani unashuka kilo mbili, akinywa maji zinarudi. Mafuta ya tumboni hayajaguswa. Nyingine ni hatari zaidi. Kuna dawa inaitwa sibutramine, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kuhatarisha moyo, na mamlaka za dawa duniani zimeendelea kuikuta imefichwa ndani ya vidonge na chai zilizoandikwa "asilia". Anayekunywa hajui, na pengine hata anayeuza hajui. Balozi wa tangazo ndiyo kabisa, yeye alisaini akapiga picha akaondoka, na chai yenyewe hainywi.

Mkanda je? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutibu maumivu sugu ya mgongo Desemba 2023, na mikanda ya kiunoni imo kwenye orodha ya vitu ambavyo halipendekezi. Mazoezi na elimu kwa mgonjwa ndiyo yamependekezwa. Lakini mazoezi hayana kamisheni. Nani atamlipa staa milioni mbili ili aseme "tembeeni"?

Na ujanja wao mkubwa uko kwenye muda. Sayatika ya ghafla kwa watu wengi hupungua yenyewe ndani ya wiki nne mpaka sita, wengine mpaka wiki kumi na mbili, bila kupasuliwa. Muuzaji anasema "tumia dozi mbili, wiki sita utaniambia." Wiki sita zinafika, mgonjwa anapata nafuu ambayo angeipata hata kwa kunywa uji, na ushuhuda unarekodiwa. Asiyepona anaambiwa hakufuata masharti. Biashara haiwezi kupata hasara hapo.

UPANDE WA PILI: VIDONGE VYA SHEPU

Mjini huu huu unaouza chai ya kukondesha, duka la jirani linauza vidonge vya kunenepesha. Binti wa miaka 20 anataka makalio na mapaja yanayosifiwa kwenye video, anapewa vidonge visivyo na jina kwenye kikaratasi. Vingi vina dawa jamii ya steroidi kama dexamethasone. Uso unavimba, mwili unajaa, sifa zinakuja. Kinachoendelea ndani hakionekani kwenye picha. Sukari inapanda, na mifupa inapungua uimara, ikiwemo pingili za mgongo. Mgongo unaongezewa mzigo na kudhoofishwa kwa wakati mmoja. Miaka kumi baadaye binti huyo huyo atanunua chai.

Na wanaume wasicheke. Yupo msanii mmoja wa kiume, jina kubwa, ambaye wenzake wa bendi wanasema hapandi jukwaani bila kuchomwa sindano ya maumivu. Anaruka dakika arobaini, anashuka anabebwa. Meneja anaita "kujituma". Dawa kama diclofenac zikitumika mfululizo zinachubua tumbo na kuumiza figo, na zinaficha kengele ambayo mwili unaipiga. Tena sindano ya kalio ikichomwa pasipo mahali pake na mtu asiye na ujuzi inaweza kuupiga mshipa ule ule wa sayatika na kumwachia mtu mguu usionyanyuka. Anakimbia moto anaingia kwenye tanuri.

ALIFANYA NINI YULE DADA?

Hakuna siri, ndiyo maana haiuziki. Wiki za kwanza mtaalamu wa fiziotherapia alimkataza jambo moja aliloliona ni haki yake, kulala kitandani kutwa. Kulala siku nyingi kunaudhoofisha msuli na kurefusha maumivu. Akaambiwa atembee, hata dakika tano, apumzike, arudie. Dakika tano zikawa kumi, kumi zikawa arobaini. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Yeye alizifikia mwezi wa nne. Akafundishwa mazoezi ya kukaza tumbo na mgongo ambayo yanafanyika kwenye mkeka, sebuleni. Hakuruka kamba, hakubeba vyuma, hakufuata video ya mtu.

Chakula hakujinyima, alipanga. Soda tatu kwa siku zikawa hakuna. Soda moja ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa vya chai vya sukari, kwa hiyo alikuwa anakunywa zaidi ya vijiko ishirini kabla hajala. Chipsi mayai ya saa nne usiku baada ya shuti ikahamia Jumamosi moja kwa mwezi. Ugali ukapungua ukubwa, mchicha na maharage yakaongezeka, dagaa na samaki wakachukua nafasi ya nyama za kukaanga. Pombe akaipunguza. Mzani ukawa unashuka kilo moja na nusu kwa mwezi, taratibu mpaka inaudhi.

Akabadili na kukaa. Kila nusu saa anasimama. Ndoo anainua kwa kukunja magoti, sio kiuno. Anapolala ubavu anaweka mto katikati ya magoti. Viatu virefu vimebaki vya zulia jekundu tu.

"YEYE ANA HELA, SISI JE?"

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na isidharauliwe. Mama lishe aliyeinama kwenye jiko tangu saa kumi alfajiri hana muda wa dakika 150, na mwanae anayeuza mitumba anarudi na daladala ya kusimama. Njia za miguu mitaa mingi zimejaa magari na meza za biashara. Kumwambia mtu huyo "badili mtindo wa maisha" bila zaidi ni dharau.

Lakini angalia kilichomsaidia yule dada kilikuwa nini. Kuacha soda kunaongeza hela mfukoni. Mchicha na maharage ni rahisi kuliko chipsi kuku. Mkeka upo kila nyumba. Vikundi vya jogging vya mitaani Dar es Salaam vinakimbia na kutembea pamoja asubuhi za wikendi, vijana kwa wazee. Kushuka kituo kimoja kabla ya nyumbani hakuna nauli ya ziada. Kilichomgharimu ni fiziotherapia, na hapo ndipo kelele zingefaa kupigwa. Sh 120,000 za chai, mara dozi mbili, zingemwezesha mtu wa kawaida kuonana na mtaalamu badala ya kufadhili gari la mwanadada wa mitandaoni. Na mastaa wenye sauti wangepaza hiyo sauti kudai wataalamu hao wawepo mpaka kwenye hospitali za wilaya.

DALILI ZA KUTOSUBIRI

Kuna mahali ambapo kutembea na kupungua havihusiki kabisa. Mtu akishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo ukagoma kutoka, akafa ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au miguu yote ikaishiwa nguvu, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Akichelewa anaweza asirudi kuwa sawa. Vivyo hivyo maumivu ya mgongo yanayokuja na homa, au baada ya ajali, au na kukonda ambako mtu hakukupanga. Hapo ni hospitali, na kama itahitajika upasuaji, wapo mabingwa wa uti wa mgongo, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ikiwemo.

Ndiyo, kukonda bila kupanga ni dalili. Ndugu anayemfuata mtu pembeni na kumuuliza "dada, uko salama?" anafanya la maana. Tofauti yake na anayeandika "ngoma" mbele ya watu laki tatu ni kwamba wa kwanza anasubiri jibu.

Mwigizaji huyo hajajibu komenti hata moja. Mashabiki wanasema ni kiburi, wengine ni kiki. Jana asubuhi kaweka picha nyingine, raba zile zile, kaandika "kilomita 4" basi. Chini yake mtu wa kwanza kauliza anatumia chai gani.

Wadau, nani anastahili kuzomewa hapa? Aliyepungua, au anayeuza chai?